Mtoto Aliyepasuliwa Akiwa Mchanga Bado Anahitaji Matunzo



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alinisubiri mlangoni hadi watu wote wakatoka. Mwanawe wa miaka 9 alikuwa ametolewa katika darasa la watoto kwa sababu ya harufu. Akaniuliza, "Pasta, nimpunguzie chakula tena?" Mtoto hakuwa amekula tangu Jumamosi mchana, ili asijichafue kanisani.

Kijana huyo alizaliwa bila tundu la haja kubwa. Hali hii humpata karibu mtoto 1 kati ya 5,000, katika kila taifa. Si laana, wala si dhambi ya mama. Ni viungo ambavyo havikukamilika kuumbwa katika majuma ya kwanza ya mimba. Uko pia ugonjwa wa Hirschsprung, unaoitwa kwa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Huko tundu lipo, lakini sehemu ya mwisho ya utumbo inakosa chembe za neva, basi haisukumi choo.

Mara nyingi madaktari hutoboa kwanza tumbo ili choo kipite hapo, baadaye hutengeneza njia ya chini, kisha hufunga tundu la tumboni. Jamaa hushangilia na kusema kazi imekwisha. Mimi pia nilifikiri hivyo, na nilipomwona kijana huyu akijichafua nilidhani ni uzembe.

Lakini upasuaji hutengeneza njia tu. Misuli ya kuzuia choo ilikuwa dhaifu tangu tumboni mwa mama, na wengine hawasikii kabisa kwamba haja imefika. Na kuna jambo linalotudanganya sana sisi wazazi. Choo kikikaa siku nyingi huwa kigumu kama jiwe, utumbo hutanuka, na majimaji hupenya pembeni na kulowesha nguo. Mzazi anaona kuhara, anatoa dawa ya kuzuia kuhara au anamnyima mtoto chakula. Kumbe tumbo limefunga, na dawa ile inazidi kulifunga.

Dawa ya kulainisha choo huwasaidia wengi. Wengine huoshwa utumbo kila siku kwa saa ile ile: maji ya chumvi huingizwa kwa mpira, mtoto anakaa chooni mpaka utumbo uwe mtupu, halafu anabaki msafi hadi kesho yake. Chumvi hupimwa, gramu 9 kwa litre 1 ya maji safi, na kiasi cha maji huamuliwa na daktari kwa kila mtoto. Maji matupu mengi yanaweza kumdhuru, na majani ya miti shamba yasiingizwe kamwe. Tangu mwaka 1990 wako pia wanaofanyiwa kijitundu tumboni kupitia kidole tumbo, ili maji yaingie kutoka juu. Kijana mkubwa anaweza kujihudumia mwenyewe.

Juu ya chakula, msiigane. Maharagwe, sombe na papai humsaidia aliyefunga choo, lakini aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo anaweza kuharishwa navyo.

Aliyepasuliwa kwa Hirschsprung akivimba tumbo, akapata homa na kuhara maji yenye harufu kali, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama upasuaji ulifanyika miaka mingi nyuma. Ugonjwa huo wa utumbo huua. Tusimweke kwanza chumba cha maombi. Tuombe tukiwa njiani.

Waliozaliwa bila tundu mara nyingi wana kasoro pia katika figo au uti wa mgongo, kwa hiyo waombe kupimwa kwa ekografi hata wakionekana wazima. Msichana akikua amweleze mkunga habari zake zote mapema, maana wengine hulazimika kuzaa kwa kupasuliwa. Karatasi za hospitali zitunzwe, hata wakati wa kukimbia vita. Mtoto hawezi kukumbuka alichofanyiwa akiwa na siku 2.

Mama yule sasa anamwosha mwanawe kila jioni baada ya chakula, na mtoto anakula. Amerudi darasani. Monitari wake amepewa suruali moja ya akiba katika mfuko, na ufunguo wa choo cha kanisa tumeutundika nyuma ya mlango, mahali mtoto anapoweza kuufikia bila kuomba ruhusa.