Mtoto Akisema Tumbo Linauma

Katika shule nyingi za huku kwetu Migori na Homa Bay yuko yule mtoto anayemwambia mwalimu kila wiki kwamba tumbo linauma. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, anapewa dawa ya minyoo, na Jumatatu tumbo linauma tena. Mwingine anapigana kila siku kwa sababu ya kalamu. Sisi watu wazima majina tunayo tayari: mvivu, mtundu, mjeuri. Ni vizuri kupima ugonjwa na njaa kwanza. Lakini ikiwa mwili ni mzima, huenda mtoto ana huzuni au hofu ambayo bado hajaipatia neno.

Sababu za huzuni hiyo tunazijua. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 20 katika kila 100 wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, na Migori 13, huku Kenya nzima ikiwa chini ya 5. Dawa za ARV zimewaokoa wazazi wengi. Hata hivyo, wako vijana waliolelewa na nyanya tangu wakiwa wadogo, na wako watoto wanaomeza vidonge kila siku bila kuambiwa ni vya nini.

Kifo kinapotokea nyumbani, mtoto anatumwa maji, anatumwa kuni, anapisha wageni. Hakuna anayeketi naye. Akiuliza, anaambiwa mama amesafiri, au amelala. Basi mtoto wa miaka minne anangoja mama arudi, au anaogopa kulala usiku. Katika umri huo hajaelewa bado kwamba aliyekufa harudi, na anaweza hata kudhani mama aliondoka kwa sababu yeye alimkasirisha. Afadhali aambiwe wazi: "Mama amekufa. Mwili wake hauwezi tena kupumua wala kula. Si kosa lako." Atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Ajibiwe vilevile, bila kugombezwa.

Tena kuna jambo la kushangaza. Katika tero buru wanaume Wajaluo hukimbiza ng'ombe na kulia kwa sauti mbele ya watu wote. Halafu mvulana wa miaka minane anaambiwa, "Nyamaza wewe, mwanamume halii." Amejifunza wapi basi, ikiwa si kwa baba zake?

Maneno ya kumsaidia tunayo nyumbani. Kwa Kijaluo, chuny ni ini, na ndiyo hiyo hiyo roho; mtu akisema chunya lit, anasema ndani yake kunauma. Kuyo ni huzuni, mirima ni hasira, luoro ni hofu. Aibu ni wichkuot, yaani kichwa kuvimba, na mtoto yeyote aliyechekwa darasani anajua kichwa hicho kinavyovimba. Kwa hiyo mwalimu wa madarasa ya chini asione haya kutumia lugha ya mama. Wakuria nao wawaulize wazee wao maneno yao. Zamani watoto walilala siwindhe, kwa bibi mzee, na katika hadithi za usiku walisikia habari za wivu, woga na majuto. Nyanya wa leo anaweza kusimulia, kisha aulize tu: "Unafikiri sungura alisikiaje rohoni?" Ni rahisi kwa mtoto kusema ya sungura kuliko yake.

Hasira ikiwa imeshapanda, mahubiri hayaingii. Mfundishe kupuliza uji: ashike kikombe cha kuwaziwa tu, avute harufu polepole kwa pua, kisha apulize polepole mpaka upoe. Mara tano hivi. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mbio za moyo. Yafaa azoee siku ambayo hana hasira, maana akiwa amekunja ngumi hatajifunza kitu. Baadaye ndipo aulizwe kilichotokea, na kama amemuumiza mwenzake aombe radhi. Kiboko hakimo hapa. Kilipigwa marufuku shuleni 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikarudia katazo hilo.

Wazazi wanaougua wanaweza kujifunza kwa akina mama wa NACWOLA nchini Uganda, ambao katika miaka ya 1990 walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, babu yako ni nani, ulipenda kula nini. Daftari la kawaida la shule latosha. Nyanya asiyejua kuandika amtumie mjukuu mkubwa.

Mtoto akikaa majuma mengi bila kucheza wala kula vizuri, au akisema afadhali afe, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake. Simu ya watoto nchini Kenya ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.