HASIRA NA MAWAZO: VINAFANYA NINI NDANI YA MWILI?



Mara nyingi mufanyakazi anafika kwenye dispansere asubui, anaweka mukono kifuani na kusema: «Muganga, moyo unapiga mbio, tumbo linauma, usingizi hakuna.» Tunamupima tansio, tunatazama damu sababu ya malaria, na mara nyingine hatuoni kitu. Halafu tunamuuliza habari ya nyumbani. Anakaa kimya kidogo, kisha anaanza: feza ya masomo ya watoto, deni, matata na kapita, kilio katika jamaa. Wengine wanafikiri wamerogwa. Wengine wanaona haya, wanaogopa tutasema wanajifanya wagonjwa kwa kukimbia kazi. Hapana, ndugu. Maumivu yale ni ya kweli, na mwili wenyewe ndio unayaleta. Sikiliza namna gani.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukishituka ao ukikasirika, ubongo unaziamuru, nazo zinatia katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Palepale moyo unapiga mbio, ini linatoa sukari katika damu, damu inaenda kwa wingi mikononi na miguuni, kinywa kinakauka, tumbo linasimamisha kazi. Mwili unajitayarisha kupigana ao kukimbia. Kama nyoka yuko njiani, ni jambo zuri sana. Lakini deni la duka huwezi kulipiga fimbo, wala kulikimbia.

Mwisho wa karne ya 19, mwanafunzi mumoja wa uganga katika Marekani, Walter Cannon, alitazama tumbo la paka kwa mashini ya radio, ile inayopiga picha ya mifupa. Paka akitulia, tumbo lilisukuma chakula; paka akisumbuka, lilisimama. Basi mama, bwana akirudi na hasira na kuacha bukari katika sahani, usifikiri anazarau mupishi.

Adrenalini haikai: dakika chache, imepungua katika damu. Ila kila mara unaporudilia maneno ya ugomvi moyoni, tezi zinaanza tena. Ndiyo maana mutu aliyegombana na muke wake saa kumi na moja ya asubui angali anatetemeka saa mbili ndani ya mugodi.

Hapa kuna hatari kubwa, naomba usome polepole. Mutu wa hasira, akili yake inashika kitu kimoja na kuacha vingine. Ninyi wa chini ya udongo munajua: mbele ya kuanza kazi, munagonga dari kwa baramini. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachana linatoa sauti ya kufa. Kusikia tofauti ile kunaomba masikio yaliyotulia. Mutu ambaye kichwani angali anajibizana na muke wake anagonga, lakini hasikii. Ao anapita nyuma ya kamio bila kutazama.

Tezi zilezile zinatoa kitu cha pili, kortizoli. Kwa kawaida inapanda asubui kwa kuamusha mwili na kushuka usiku. Shida ikikaa miezi na miezi, usingizi unaharibika na tansio inaweza kupanda. Watu wa kazi ya usiku wanaumia zaidi, kwa kuwa wanalala wakati mwili unataka kuamuka. Wamama, muwafungie madirisha, na watoto wacheze mbali. Lutuku si dawa: inalaza haraka, kweli, lakini nusu ya pili ya usiku inavunja usingizi.

Nini ya kufanya? Mbele ya kushuka, simama kando dakika tano. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Pumzi ndefu ya kutoka inapunguza mbio ya moyo. Wengine watacheka, wacheke. Kisha umwambie kapita: «Leo kichwa changu hakitulii.» Kapita mwenye akili atakupa kazi nyingine siku ile, mbali na dari na mashini. Najua si wote wanaopokea neno hilo vizuri. Basi pita kwetu kwanza, tutasema naye.

Lakini kifua kikibana kama kimewekewa muzigo, maumivu yakienda mukono wa kushoto ao taya, na jasho baridi likitoka, usiseme «ni mawazo tu». Hata ikiwa usiku, ita majirani, wakupeleke hospitali palepale.