Mpangaji Aliyebaguliwa Ashtaki Wapi?

Mwenye ploti akikukataa kwa sababu ya kabila lako, au kwa kuwa unalea watoto bila mume, ni nadra akuambie wazi. Iwe Wote, Mwingi au Kwa Vonza, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya husaka vyumba, utaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Kibao cha kupangisha kinabaki getini wiki nzima.

Sheria haijanyamaza. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, afya, ulemavu na dini, na inamfunga mtu binafsi pamoja na Serikali. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inagusa moja kwa moja ubaguzi wa kikabila katika kupangisha. Ile ya Ukimwi ya 2006 inalinda makazi na malazi ya mwenye virusi, hata anayeshukiwa tu kuwa navyo.

Tatizo ni mahali pa kwenda. Jopo la kudhibiti kodi za nyumba husikiliza kesi za makazi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsita ya bei hiyo mjini Kitui. Mahakama ya hakimu, iliyo karibu na watu, ilipewa na sheria ya 2015 nafasi finyu mno katika kesi za haki za kikatiba: mateso na utumwa, basi. Anayedai amebaguliwa anaelekezwa Mahakama Kuu. Kitui ina yake, Makueni nayo, na kanuni za 2013 zinaruhusu kuanza hata kwa barua au kwa mdomo. Lakini nani atafungua ombi la kikatiba kwa ajili ya chumba kimoja, na kufikia mwisho wa mwezi lazima awe amepata pa kulala? Mwenye virusi vya Ukimwi angalau alitengewa jopo maalum. Mama asiye na mume hakutengewa.

Hata akifika mahakamani, mzigo wa ushahidi ni wake. Hapa ndipo ningeanza kurekebisha. Sheria ya Ajira ya 2007 imeugeuza mzigo huo: mfanyakazi akidai kubaguliwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kuwa hakubagua. Sioni kwa nini anayetafuta kazi alindwe hivyo na anayetafuta nyumba aachwe. Sababu za kumkataa mpangaji amezificha mwenye nyumba kichwani mwake. Yeye ndiye azieleze.

Marekani ilipitia njia hii. Sheria yake ya makazi ya 1968 ilikataza ubaguzi, lakini wizara ya nyumba haikuweza zaidi ya kupatanisha. Miaka 20 baadaye, marekebisho ya 1988 yaliipa uwezo wa kufikisha kesi mbele ya majaji wa kiutawala, yakaweka faini, na yakaongeza kinga kwa walemavu na kwa familia zenye watoto. Katazo lenyewe lilikuwepo tangu mwanzo. Kikubwa kilichoongezwa ni meno.

Kwetu, mswada wa wenye nyumba na wapangaji wa 2021 ulilenga kuunganisha sheria tatu kuukuu za kodi. Haujawa sheria. Wakati Bunge linajikokota, mabunge ya kaunti yasijifiche nyuma yake, kwani Jedwali la Nne la Katiba linataja nyumba miongoni mwa kazi za kaunti. Kuunda mahakama si kazi yao, lakini dawati la malalamiko lenye afisa wa kumpigia simu mwenye ploti siku hiyo hiyo linawezekana Wote na Kitui.

Mpangaji naye asifute ujumbe wa simu. Na akiambiwa nyumba imechukuliwa, mwenzake wa kabila jingine aulizie chumba hicho hicho siku hiyo. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba hata mtu aliyetumwa kupima tu, asiye na haja ya nyumba, anaweza kushtaki akidanganywa kuwa hakuna nafasi.