"Bure", "Siri" na "Faragha": Bei ya Programu za Simu Zisizolipiwa Wilayani Tarime na Serengeti

Neno bure lina maana mbili zinazojulikana: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Programu za simu zinazogharimiwa na matangazo zinadai maana ya tatu, yaani kinacholipiwa kwa sarafu asiyoiona mlipaji. Oktoba 2014, Facebook na Tigo zilipoleta Tanzania huduma ya intaneti isiyotozwa gharama ya data, maombi ya watumiaji yalipitia katika mitambo ya kampuni hiyo ya Marekani, nayo iliweza kujua tovuti zilizofunguliwa. Malipo yalikuwapo.

Mkoani Mara bei hiyo ina uzito wa pekee. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umewahimiza wakazi kuingiza katika ramani huria ya OpenStreetMap majina ya vijiji, zahanati na njia, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa msimu wa Novemba na Desemba, wafikiwe upesi na kupelekwa kwenye nyumba salama, kama ile ya Mugumu. Maps.me, mojawapo ya programu zilizofundishwa, iliwafaa wasio na fedha kwa kuwa haikulipiwa na ilifanya kazi pasipo mtandao. Ilikuwa pia programu ya matangazo, iliyobadili wamiliki mwaka 2014 na tena 2020, na watumiaji hawakuwa na kauli katika mauzo hayo.

Hapa ndipo siri na faragha zinapoachana. Wakurya wanao mkutano wa hadhara, iritongo, na kikao cha siri cha wazee, inchama. Siri ni ya kikundi kinachoilinda. Faragha ni ya mtu mmoja: kuamua nani amjue, hata kama hana la kuficha. Msichana anayeazima simu ya kaka yake kutafuta njia ya Mugumu hatishwi na kampuni ya mbali, bali na kaka atakayeishika simu hiyo asubuhi. Mjadala unaomtazama mtangazaji peke yake huona nusu ya jambo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatambua ridhaa. Lakini ridhaa hudhani uwezo wa kukataa, ilhali msichana huyo hana njia nyingine wala muda wa kuitafuta. Tangu 2021 ipo Organic Maps, isiyo na matangazo, inayoendeshwa kwa michango. Nayo pia huhifadhi ndani ya simu orodha ya yaliyotafutwa, mpaka mtu akumbuke kuifuta.