Uvimbe kwenye kizazi: si lazima tumbo lifunguliwe lote

Ukiambiwa una uvimbe kwenye kizazi, unachowaza kwanza ni kisu. Kwa mama wa Bariadi anayelima pamba, kinachotisha zaidi ni zile wiki 6 hivi za kutoshika jembe wala kubeba ndoo ya maji. Ndiyo maana wengine wanachelewa kurudi hospitali, huku damu inazidi kuwatoka na nguvu zinaisha.

Kumbe kuna njia nyingine: upasuaji wa matundu madogo, kitaalamu laparoskopi.

Unafanyikaje?
Unapewa nusu kaputi. Daktari anatoboa matundu 3 au 4 tumboni, mengi ya nusu sentimita hadi 1. Anaingiza hewa ya kabonidayoksaidi ili tumbo liinuke, kisha anapitisha kamera nyembamba na kuona kila kitu kwenye skrini. Hivyo anaweza kutoa uvimbe, mimba iliyotunga nje ya kizazi, hata kizazi chenyewe.

Uvimbe ukiwa ndani kabisa ya kizazi, kuna histeroskopi. Hapo kamera inapitia ukeni na tumbo halichanwi kabisa.

Faida yake
Kidonda ni kidogo na maumivu yanapungua. Wengi hurudi nyumbani ndani ya siku 1 au 2, na kazi nyepesi huanza mapema. Bega likiuma usishtuke, ni ile hewa. Huisha baada ya siku chache.

Si kwa kila mtu
Uvimbe usiokusumbua unaweza kufuatiliwa tu bila upasuaji. Ukiwa mkubwa sana, au ikihisiwa saratani, daktari anaweza kuchagua kufungua tumbo. Anaweza pia kubadili njia katikati ya kazi akiona hatari. Hilo ni kwa usalama wako.

Uanzie wapi?
Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, upimwe altrasaundi na wingi wa damu. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, kisha Bugando, Mwanza, ambayo ni hospitali ya kanda.

Kabla ya kupanda basi la Mwanza, muulize daktari wako: uvimbe wangu unafaa kwa matundu madogo? Unafanyika wapi? Bima yangu inalipia? Na usiondoke bila barua ya rufaa.

Baada ya upasuaji, ukipata homa, tumbo likivimba au damu ikitoka nyingi, rudi hospitali siku hiyohiyo.