Kalafati na Deheni

Wanangu, gari la mjini likibandikwa stika ya plastiki mwili mzima, jua huanza kuibandua pembeni. Mwenyewe akichelewa, vumbi linaingia chini na stika yote inaharibika. Sisi wa kisiwa cha Songo Songo tunategemea mashua, na mashua nayo ina vazi lake linalochakaa, likavuliwa na kuvishwa upya. Bila vazi hilo hakuna anayefika Somanga wala Kilwa Masoko akiwa mkavu.

Adui mkubwa ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Tunamwita mdudu, lakini kwa ukoo ni jamaa wa chaza, na magamba yake mawili madogo ndiyo patasi yake. Huingia kwenye ubao akiwa mdogo mno, kwa hiyo tundu la nje halizidi ncha ya sindano. Humo ndani anakua na kuchimba njia ndefu. Ubao unaonekana mzima, lakini ukiugonga unalia mtupu.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, bahari ikijaa sana na kupwa sana. Ndipo mashua inapopandishwa juu pwani na maji, kisha maji yakitoka inabaki pakavu, imeegemezwa miti ya magadi ubavuni. Mnazo saa chache tu kabla maji hayajarudi, basi kila mtu anashika lake. Kwanza kukwangua magugu na magamba. Halafu makuti makavu yanafungwa vienge, vinawashwa na kupitishwa chini ya mashua ili joto limuue mdudu na kuukausha ubao. Pembeni lazima awepo mtu na ndoo ya maji.

Kisha kalafati. Hapa ndipo ninapotaka mtazame mikono ya fundi. Pamba inasokotwa uzi mnene, inaloweshwa mafuta, inalazwa kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, halafu inashindiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mtoto mmoja aliwahi kuuliza, “Babu, mbona hupigi kwa nguvu?” Fundi akamjibu, “Mjukuu wangu, ubao ukinywa maji unavimba. Nikijaza sana leo, kesho mbao zitasukumana mpaka zing'oe misumari kwenye mataruma, mbavu za mashua.” Kalafati ya haraka haraka huwa na kosa hilohilo: pamba imejazwa mno mahali pamoja, na pengine hamna kitu.

Ubao ulioliwa hauzibwi kwa pamba. Unakatwa kutoka taruma hadi taruma, ili ubao mpya upate pa kupigiliwa msumari pande zote mbili.

Sehemu inayokaa majini inapakwa deheni, yaani shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa. Chokaa ya kale ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na ndiyo iliyoshika mawe ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Deheni hupakwa kwa kiganja, ikisukumwa kwenye kila ufa, na mkono unahisi kijitundu ambacho jicho limekikosa. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Yananuka, tena yananuka kweli, lakini yanauzuia ubao usipasuke kwa jua.

Siku hizi wengi hupaka rangi ya dukani. Inapendeza, nami siikatai. Lakini ikipakwa juu ya ubao wenye unyevu au uliotobolewa, inaficha ugonjwa mpaka umeshaenea.

Mashua iliyokaa pwani siku nyingi ikirudishwa majini itavuja kidogo mwanzoni. Msiogope. Mtu mmoja alale humo na upo wake wa kutekea maji, ayafue nje, hadi mbao zivimbe na kubanana. Lakini maji yakiendelea kuingia baada ya siku mbili tatu, tieni alama ya chaki ndani pale yanapochuruzika, kisha mashua irudishwe kwenye magadi kabla bamvua haijapita.