Kuku wa nyama na mayai: Chanjo kwanza, mbegu baadaye

KATIKA vijiji vya milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, fedha za kahawa huingia kwa msimu. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, samaki nao wana majira yao. Kati ya msimu mmoja na mwingine, fedha za daftari, dawa na nauli ya kwenda Songea mara nyingi hupatikana kwa kuuza kuku.

Kuku hao hao wangeweza kuwalisha watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 35.6 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano mkoani Ruvuma walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hayo yanatokea katika mkoa unaosifika kwa mavuno mengi ya mahindi, ambako yai huonekana zaidi gengeni kuliko kwenye sahani ya mtoto.

Kuku wa kienyeji ana sifa zake. Hujitafutia chakula, huatamia na kulea, na huuzwa kwa bei nzuri. Lakini koo mmoja hutaga mayai kati ya 40 na 60 tu kwa mwaka, na mengi kati ya hayo hubaki kiotani ili yaanguliwe. Uzito wake kwa kawaida hauzidi sana kilo moja na nusu.

Ndiyo maana wafugaji wengi wamevutiwa na kuku chotara wa nyama na mayai. Wanaojulikana zaidi nchini ni Kuroiler, mwenye asili ya India, na Sasso kutoka Ufaransa. Aina hizo zilijaribiwa vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 2010 katika mradi ulioratibiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), uliohusisha pia Ethiopia na Nigeria. Akitunzwa vizuri, mtetea wa aina hiyo anaweza kutaga mayai 150 au zaidi kwa mwaka, na jogoo akavuka kilo tatu. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, kazi hiyo imefanywa kwa miongo kadhaa na Black Australorp, kuku mweusi aliyesambazwa na kituo cha serikali cha Mikolongwe. Pamoja na ujirani huo, kuvusha kuku kwa mtumbwi bila kibali cha mifugo ni kosa, na ni njia rahisi ya kuingiza ugonjwa.

Kinachosahauliwa wakati wa kununua vifaranga ni kwamba mayai hayo mengi yana gharama. Kuku anayetaga mfululizo hupoteza hamu ya kuatamia. Aidha, machotara wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, watoto wao hawafanani na wazazi: wengine huwa wakubwa, wengine hudumaa, na utagaji hushuka. Mfugaji aliyeuza kuku wake wote wa kienyeji ili aanze upya hujikuta akilazimika kununua vifaranga kila mara.

Njia yenye nafuu ni kubaki na makoo wa kienyeji na kuwapandisha kwa jogoo bora, jogoo mmoja kwa makoo kumi hivi. Jogoo huyo abadilishwe kabla hajaanza kupanda binti zake. Kubadilishana na mfugaji wa kijiji kingine kunatosha. Mayai ya kuatamiwa yasikae zaidi ya siku saba hadi kumi. Siku ya saba ya kuatamia, yamulikwe kwa tochi gizani: lenye mishipa lina kifaranga, na linalopenya mwanga tupu liondolewe. Baada ya siku 21 vifaranga hutoka, na wakitengwa na mama yao wakiwa na wiki nne, koo hurudi kutaga mapema.

Lakini hayo yote ni kazi bure pale kideri, ambacho wengi hukiita mdondo, kinapoingia. Ugonjwa huo hauna tiba, na unaweza kufagia karibu kuku wote wa kijiji kwa siku chache. Kinga ipo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na kutengenezwa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za kideri na hutolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walioko katika kaya moja, hivyo majirani wanapaswa kuchanja siku moja. Kumchanja kuku ambaye tayari anaumwa hakumwokoi.

Baridi nayo huua. Juni na Julai, vifaranga wa Mbinga wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza. Jiko la mkaa linafaa iwapo hewa inapita; katika chumba kilichozibwa, moshi wake huua vifaranga hata anayewalea.

Kuhusu chakula, mwambao umebarikiwa. Vumbi na vichwa vya dagaa wa Nyasa, wanaoitwa usipa, vina protini ambayo pumba za mahindi na muhogo hazina ya kutosha. Mahindi yaliyoota ukungu yasipewe kuku, kwani sumukuvu huwadhoofisha. Dagaa wapunguzwe, na kuachwa kabisa wiki mbili kabla ya kuchinja, la sivyo nyama hunuka samaki. Pale mahindi meupe yanapokuwa chakula kikuu, majani mabichi kama mchicha hurudisha rangi ya kiini cha yai.

Jikoni, umri ndio unaoamua. Pora wa miezi minne au mitano hufaa kubanikwa, au kuchemshwa chini ya saa moja kwa tangawizi, kitunguu na ndimu. Koo aliyeacha kutaga huhitaji saa mbili au zaidi kwenye moto mdogo, chungu kikiwa kimefunikwa. Ukimharakisha kwa moto mkali anazidi kuwa mgumu. Supu yake huliwa vizuri na ugali wa muhogo mwambaoni, au wa mahindi milimani. Yai la mtoto mdogo lipikwe mpaka kiini kigande, kisha lipondwe katika uji au viazi. Firigisi, kwa desturi ya mahali pengi nchini, ni ya baba, na hakuna ubaya. Ini, lenye madini mengi ya chuma na laini kutafuna, wapewe mama mjamzito na mtoto.